Kifua cha Nakijwa Kimenyamaza

Vudee, Same
Machi 2022

Faraja binti yangu,

Mkono unaouona hapa ni wangu mwenyewe. Sikumpa mwalimu aniandikie, wala katibu wa kanisa. Darasa la tatu tulilosoma sisi enzi za mkoloni lilikuwa na fimbo, na kilichoingia kwa fimbo hakitoki. Miguu yangu inapanda mlima bila mkongojo, macho yanaona, meno yaliyobaki yanatosha kwa makande. Wewe hujambo? Nauliza kwa kuwa ni desturi, maana mtu aliyemkatia baba yake simu katikati ya neno angeweza kukaa bila kuulizwa.

Simu ile nimeigawa. Ilikuwa ya kupanda nayo mpaka kanisani kutafuta mtandao, na kijiji kizima kinasikiliza mzee anavyokaripiwa na mwanawe. Kuanzia leo mimi na wewe ni barua. Barua mtu anaisikia mpaka mwisho.

Sasa neno nililotaka kulisema ukanikatia ni hili. Mtoto wa marehemu kaka yako Stefani, Nakijwa, yuko kwangu na anaendelea. Ana miaka mitatu na anajua kutukana jogoo. Mama yake, Salha, alipopanda kutoka kwao Kihurio kuja kumsalimia, alimchukua bila kuniuliza akamshusha Same hospitali, eti anakohoa mno, eti akila anatoka jasho kama mtu anayelima. Daktari kijana akaweka chombo kifuani akasema moyo unavuma. Akasema kuna mshipa ambao kwa kila mtoto hujifunga siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, wa huyu haukujifunga, aende Dar es Salaam wakaufunge.

Hiyo sauti mimi naijua kabla yake. Nikimlaza Nakijwa kifuani kwangu naisikia, inavuma bila kupumzika, kama mfereji wa mfongo asubuhi tukifungulia ndiva, maji ya bwawa yakiteremka kwenda mashambani. Sauti ya maji haijawahi kuniogopesha. Nimesimamia ndiva ya hapa miaka na miaka, hakuna aliyewahi kuiba maji zamu yangu.

Dar haendi. Stefani alipanda basi la Dar kwa miguu yake, akiumwa tumbo tu, akaniambia Baba nirudipo tutaezeka lile banda. Tukaenda kumpokea Same amelala ndani ya sanduku. Mimi sipeleki mbegu moja mara mbili kwenye shamba lililonila.

Halafu jambo la pili. Wazee wa kanisa wananiuliza binti yako Ubelgiji anafanya kazi gani hasa. Nimewaambia unawatibu watu wa nyumba ya mfalme. Niandikie vizuri nisije nikaonekana mwongo.

Baba yako mzazi,
Hezroni

*

Ubelgiji
Aprili 2022

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako na nimeisoma nimesimama, bado nina koti. Mimi mzima, baridi tu ya huku haijui kwamba ni Aprili. Nisamehe kwa simu. Nilikata kwa sababu nilianza kulia na sikutaka usikie.

Baba, simtibu mfalme. Ningekudanganya tena ningesema mifugo nikaishia hapo, kama nilivyofanya miaka yote hii, lakini safari hii unahitaji kujua. Kazi yangu ni nguruwe. Siwali, nakuapia, na Sabato naishika ninavyoweza. Tunachukua mtoto wa nguruwe aliyeachishwa titi juzijuzi, tunamlaza kwa dawa asihisi kitu, tunamfungua kifua na kuunganisha mshipa mkubwa unaotoka moyoni na mshipa unaokwenda mapafuni. Damu iliyokuwa iende mwilini inageuka inakwenda mapafuni, nyingi, kwa nguvu. Kisha tunamlea na kumpima.

Umeona sasa kwa nini nililia. Ugonjwa wa Nakijwa ndio huohuo ambao mimi nautengeneza kwa mikono yangu kila mwezi. Tunautengeneza ili tujue mapafu yanavumilia mpaka lini, na dawa gani inaweza kuyasaidia. Wenzetu wengine hutumia wanakondoo. Panya nao wapo, ila moyo wa nguruwe unafanana na wetu zaidi.

Nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Ukifungulia ndiva nzima ndani ya mfongo mwembamba, kingo hubomoka. Mapafu hayakubali kubomoka. Yanajijengea kingo. Kila siku yanapaka udongo ukutani ili yahimili maji, na kila siku njia inazidi kuwa nyembamba. Ukizuia maji mapema, udongo ule unalainika na kuondoka wenyewe. Ukichelewa umekuwa jiwe. Hapo hata ukifunga ndiva, jiwe ni jiwe.

Nakijwa bado yuko kwenye udongo. Kukohoa na jasho ni dalili kwamba maji bado yanapita. Nimezungumza na daktari wa moyo Dar, amempa nafasi mwezi Juni, na gharama zote nimezishughulikia. Wewe na Salha mnaenda naye. Nakuomba, Baba.

Mwanao,
Faraja

*

Vudee
Juni 2022

Faraja,

Mimi mzima na nyumba nzima, kasoro amani, ambayo umeichukua wewe.

Barua yako nimeisoma nyuma ya zizi. Nguruwe. Mimi Hezroni, mzee wa kanisa, niliyefundisha shule ya Sabato watu ambao leo ni wachungaji, binti yangu anashika mizoga ya nguruwe na kuiita kazi. Uliondoka hapa na Biblia mpya niliyokununulia kwa kuuza tangawizi ya mwaka mzima. Wazee nimewaambia ni kondoo. Umeniingiza kwenye uongo wa pili wakati nilikuwa nakuuliza unitoe kwenye ule wa kwanza.

Salha alipanda tena kumsukuma mtoto aende Dar. Nikamwambia, unajua wifi yako amezitoa wapi hizo habari za mapafu? Kwa nguruwe. Akatema mate pembeni. Mimi na yule mwanamke hatujawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya mboga. Msabato na Mwislamu wakitema mate mahali pamoja, hapo pana uchafu usiohitaji daktari. Baadaye akaanza, "Lakini Baba, kama hata nguruwe wanaonyesha." Nikamwambia lakini hiyo kaitupe Kihurio.

Na usinifundishe mfongo. Wewe ndiva uliitazama kwa mbali ukiwa umebeba ndoo. Kingo za mfongo mimi nimezishika usiku na mchana, najua udongo upi unakaa na upi unaondoka. Mnyama anayekula kinyesi, mapafu yake yataambiana nini na ya mtoto wa ukoo wangu? Mwili wa mtu haukuumbwa kwa mfano mmoja na wa nguruwe.

Mtoto nampa asali na maji ya tangawizi. Hiyo nafasi yako ya Juni mpe mwenye nguruwe.

Baba yako,
Hezroni

*

Ubelgiji
Julai 2022

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na Nakijwa pia.

Juni imepita. Daktari amekubali kumweka Septemba, na ameniambia atamweka hapo kwa heshima tu, maana wanaosubiri ni wengi. Upasuaji wenyewe ni mdogo. Si kufungua moyo. Ni kufunga mshipa mmoja, mtoto analala hospitali siku chache, anarudi nyumbani na kovu la urefu wa kidole.

Nimesoma barua yako nikatafuta mahali uliposema unamwogopea Nakijwa. Sikupaona. Nimeona kanisa, nimeona wazee, nimeona jina lako. Kama nguruwe ndio wanakuzuia, basi nitenge mimi. Nitoe kwenye ukoo, nikirudi nisile kwenye sahani yenu. Ila mtoto aende.

Stefani alikuwa kaka yangu, Baba. Mimi pia nilimzika, ingawa nilimzikia huku, nimekaa sakafuni jikoni kwa watu. Kilichomuua ni utumbo uliopasuka na siku nne alizokaa nyumbani akisema atapona. Basi la Dar lilikuwa limechelewa tayari alipolipanda. Hilo wewe unalijua.

Nimempigia Salha. Atapanda na kaka yake Yunus kumchukua mwanawe. Usimzuie.

Faraja

*

Vudee
Oktoba 2022

Faraja,

Salamu ni za bure, basi pokea.

Walikuja. Yunus alivaa kanzu nyeupe kama anayekwenda kuposa, na wakala makande yangu kwanza, maana mimi simfukuzi mtu na njaa. Kisha Yunus akasema, "Mzee, tumekuja kumchukua mtoto akatibiwe."

Nikamuuliza, "Umetumwa na nani, Salha au nguruwe?"

"Mzee, sisi na nguruwe wapi na wapi. Mtoto anaumwa."

"Anaumwa kwa nani? Hapa anakula, anacheza, anamtukana jogoo. Ukimpeleka kwenu kwenye mbu ndiyo ataumwa."

Nikaita ukoo. Wakaja wote, hata wasionipenda, maana jambo la mtoto wa ukoo halina ugomvi. Salha akaambiwa aseme. Akasema vizuri, siwezi kumnyima hilo. Akasema anamsikia mwanawe akihema usingizini kama mtu anayekimbia. Wazee wakamsikiliza, kisha wakaniuliza mimi, nami nikasema neno moja tu, kwamba Stefani alikwenda Dar. Basi. Hawakuhitaji la pili. Wakasema mtoto ni wa ukoo wa baba yake na atakaa alipo baba wa baba yake. Salha alikaa chini uani akakataa kuinuka, ikabidi Yunus amwinue kama gunia. Nimemwambia asipande tena mpaka nimwite.

Yule afisa ustawi wa jamii uliyemtuma kwa simu naye alifika, amechoka na mlima, shati limelowa. Nikamwonyesha mtoto, nikamwonyesha maamuzi ya ukoo, nikampa mkungu wa ndizi. Aliteremka anaimba.

Nimeshinda, na nimeshinda mbele ya watu. Usiniandikie tena mpaka utakapoachana na hao wanyama. Barua yako ikija nitaitambua kwa stempu na nitairudisha posta Same kama ilivyo.

Hezroni

*

Vudee
Februari 2025

Faraja binti yangu mpendwa,

Natumaini u mzima huko kwenye baridi. Mimi nimezeeka kidogo, kidogo tu, goti moja linajua mvua kabla ya mawingu. Vinginevyo vijana wa hapa bado wananiomba niwaonyeshe namna ya kupanga mawe ya ukingo.

Barua zako mbili nilizirudisha kama nilivyosema, karani wa posta atakuwa shahidi. Hii naandika kwa sababu mtu akishinda kweli anaweza kusamehe, na leo nimeshinda kweli.

Nakijwa amepona.

Ametimiza miaka sita, ameanza shule. Kikohozi kilianza kupungua mwaka juzi, mwaka jana kikaisha kabisa. Jasho la kula limekwisha. Amenenepa mashavu. Na ile sauti, Faraja, ile iliyomtisha daktari wako. Mwezi uliopita nilimlaza kifuani kwangu nikasikiliza. Nikageuza sikio la pili, nikafikiri ni uzee. Kimya. Ilikuwa inavuma mchana na usiku, sasa moyo unagonga tu, tena kwa nguvu, unagonga kama mtu mwenye haki mlangoni. Mshipa umejifunga wenyewe bila kisu, hapahapa mlimani, kwa asali na tangawizi na maombi ya babu yake.

Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilieleza yote, na safari hii niliwaambia ukweli kwamba ni nguruwe. Nikasema, waliotumia nguruwe walisema mtoto atageuka jiwe, njooni mmwone. Kanisa lilicheka, kisha likaimba. Nakijwa alipita mbele na gauni jeupe. Ningekuwa na picha ningekutumia.

Kwa hiyo njoo nyumbani. Nitachinja kondoo. Hata Salha nimemtumia salamu kwamba sasa anaweza kupanda.

Jambo dogo, usilifanye kubwa. Miguu yake inapata baridi. Kucha za vidole vya miguu zimekuwa kama aliyekanyaga zambarau, na watoto wenzake wanamtania wanamwita Miguu Zambarau. Za mikono ni nzuri, nyekundu kabisa. Nimemnunulia soksi. Na huu mlima wa shule unamchosha, anakaa njiani, basi ninambeba. Ni uvivu wa watoto wa siku hizi, na mgongo wangu upo.

Baba yako anayekupenda,
Hezroni

*

Ubelgiji
Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Asante kwa kuniandikia. Asante kwa kuniita nyumbani. Nimekaa na barua yako tangu asubuhi na nimeirarua hii mara kadhaa kabla ya kufika mstari huu.

Kuna nguruwe mmoja niliyewahi kumpenda, jike, mwenye doa sikioni. Tulipomuunganisha mshipa alihema, alikohoa, hakukua. Wenzangu walisema atakufa. Baada ya muda akaanza kupata nafuu. Kuhema kukapungua. Akala, akanenepa, akawa ananikimbilia mlangoni. Niliweka kipimo kifuani, ile sauti ya damu imekwisha. Mwanafunzi wetu mmoja alipiga makofi. Mkuu wetu akamwambia asipige.

Tukampima kwa ndani. Mapafu yalikuwa yamejijengea kingo mpaka njia imeziba. Sauti ilikuwa imeisha kwa sababu damu haikuwa inapita tena kwenda mapafuni. Mshipa ulikuwa wazi vilevile kama tulivyouacha. Baada ya muda damu ikaanza kurudi kinyume. Ile chafu, ambayo haijapita kwenye hewa, ikawa inavuka kwenye ule mshipa na kuteremka miguuni. Inaingia baada ya mikono kupata yake, ndiyo maana mikono inabaki mizuri na miguu inageuka rangi.

Sitaki kushinda, Baba. Ningetoa chochote nionekane mjinga mbele ya kanisa zima. Nakuomba kitu kimoja kidogo. Mshushe Nakijwa Same. Pale hospitali kuna kibanio cha plastiki kinachobana kidole na kuonyesha namba ya hewa iliyo ndani ya damu. Watabana kidole cha mkono na watakuambia mtoto ni mzima. Usiondoke. Waambie wabane na cha mguu. Kama namba zinalingana, nitakuja kula kondoo wako na nitasimama kanisani niombe radhi.

Kama hazilingani, nenda Dar siku hiyohiyo. Salha anangoja chini, nimemwambia akutane nawe.

Mwanao,
Faraja

*

Dar es Salaam, kwa watu wa kanisa
Mei 2025

Faraja,

Naandika kwenye meza ya watu, kalamu ni ya watu. Mimi mzima. Nakijwa analala hapa pembeni, amekula chipsi kwa mara ya kwanza na anasema Dar ni pazuri kuliko mbinguni.

Pale Same nesi alibana kidole cha mkono akasema, "Mzee, mjukuu wako ana namba nzuri kuliko yangu." Salha akanitazama. Nikamwambia nesi, vua soksi. Akasema mguuni huwa hatupimi. Nikamwambia pima tu binti, ni maagizo. Akapima. Akakitikisa kile kibanio, akapima tena mguu wa pili, kisha akatoka akarudi na daktari.

Hapa walimpitishia uzi wa kupimia kwenye paja mpaka moyoni. Mimi nilikaa nje, nikamsikia akiniita, kisha dawa ikamchukua. Daktari ni mama mmoja mtulivu, ana sauti ya chini. Nikamwambia, mama, nimemleta mwenyewe, kwa miguu yangu, mbele ya ukoo wangu. Fungeni huo mshipa.

Akasema, "Mzee, sasa hatuwezi kuufunga."

"Ndio huohuo mlitaka kuufunga."

"Wakati ule ndiyo. Sasa damu ikishindwa kupita mapafuni inapumulia hapo. Tukiufunga, moyo wake utasimama."

Nikamwambia, "Kwa hiyo mshipa huo miaka mitatu nyuma ulikuwa unamuua, na leo ndio unaomweka hai."

Akasema, "Ndiyo, mzee." Nilingoja anigombeze nipate cha kumjibu, hakunigombeza.

Amepewa vidonge vya kulegeza mishipa ya mapafu. Kijana wa dawa alitabasamu, nikamuuliza unacheka nini, akasema ni vilevile ambavyo wazee huja kununua wakiangalia pembeni. Nikamwambia mimi sikuwahi kuvihitaji, mwulize marehemu mke wangu. Salha alicheka mpaka akaketi, na alipoketi kile kicheko kikageuka kilio.

Wamesema pia mlimani si pazuri kwake. Hewa ni nyembamba, inayabana mapafu yaliyobanwa tayari. Akae bondeni. Maana yake Kihurio, kwa Yunus, kwenye mbu. Nimebishana nao sana kuhusu hewa ya Vudee. Watu wanalipa kuja kuivuta hewa ya Vudee. Salha alikuwa anakunja nguo za mtoto wakati nabishana.

Ushuhuda wa kanisani sijaufuta. Sijui unafutwaje.

Sasa nakuuliza wewe, kwa sababu yule mama alinizungusha, akaniambia kila mtoto ni tofauti. Wewe huna haja ya kunifariji. Hao nguruwe wako waliokuwa jiwe, hata huyo wa doa, mliwapa hivi vidonge? Kuna aliyelainika? Na kama hakuna, walikaa muda gani? Niandikie kama ulivyoniandikia mara ya kwanza, bila kuficha.

Baba yako,
Hezroni

*

Kihurio
Novemba 2025

Faraja,

Salamu kutoka bondeni. Mimi mzima, joto tu linanichukulia usingizi. Ulijua kwamba niko huku? Salha atakuwa amekuambia. Kondoo nimegawa, nyumba nimefunga. Wazee waliniuliza utakaa Kihurio mpaka lini, nikawaambia naenda kuwafundisha watu wa bondeni kulima mpunga, maana wanalima vibaya. Na kweli wanalima vibaya.

Yunus alinipa chumba kinachotazama njia. Hakusema neno juu ya siku ile ya ukoo, na mkewe ananiwekea chakula wa kwanza, kabla ya wenye nyumba. Ningependa waniseme. Kukaribishwa hivi kunakula mtu. Sabato nafunga mlango wangu nasoma mwenyewe, na watoto wa humu wameambiwa wasipige kelele.

Nakijwa asubuhi nambeba mgongoni mpaka shuleni, njia ya tambarare, si mbali. Mwalimu amempa kiti karibu na mlango. Mimi nakaa nje kwenye kivuli cha ukuta mpaka mapumziko, halafu mpaka kengele. Watu wa hapa wanasema hawajawahi kuona mzee wa miaka hii mwenye mgongo kama wangu. Wiki iliyopita nikawa nahema, akaniuliza sikioni, "Babu, na wewe una mshipa?" Nikamwambia mimi nina wa uzee. Akasema, "Basi tupumzike wote, nisikuache." Tukakaa kwenye ukingo wa shamba la mtu.

Mwezi uliopita alianguka uwanjani akazimia kidogo. Aliamka anauliza nani amechukua daftari lake. Midomo nayo sasa inabadilika.

Nilikuuliza swali nikiwa Dar. Hujanijibu. Nilidhani posta imechelewa, nikamtuma Yunus Same mara kwa mara, anarudi mikono mitupu. Ila Salha ameniambia ulimpigia, mkazungumza kwa muda mrefu amejifungia chumbani. Alipotoka alipika wali wa nazi na kuku, siku ya katikati ya wiki, akamwacha Nakijwa achague paja mwenyewe na avae nguo ya Idi. Sikumuuliza kitu. Nilikula.

Kama jibu lingekuwa jema ungeliandika siku ileile. Basi usiliandike.

Njoo umwone. Anakujua kwa picha tu, anasema una pua yangu. Njoo kabla ya masika, maana barabara ya huku ikishalowa magari hayaingii.

Baba yako,
Hezroni